Kabla ya Kumchimba Malkia wa Chungu

(Hii ni hotuba tuliyoitoa kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia katika ukumbi wa kanisa, Adams Arcade, Nairobi. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa, pamoja na baadhi ya maswali, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Tunajua wengine mmetoka Gilgil na Naivasha kabla jogoo hajawika, na wengine mmetembea tu kutoka Kibera na Woodley. Nauli ni pesa, na siku ya kazi pia ni pesa. Kwa hiyo hatutazunguka sana.

Ratiba inasema tuzungumze juu ya miradi ya kuongeza mapato. Kuku, nyuki, miche ya miti, hayo tumeyazungumza mara nyingi na tutayarudia mchana. Asubuhi hii tunataka kuzungumza juu ya mradi mwingine, ambao haupitii kwa mweka hazina wala hauandikwi katika kitabu cha kumbukumbu. Mvua ikinyesha, mtu anakuja na gari, au anatuma kijana wa pale pale kijijini. Anauliza: "Hapa kwenu wako wale chungu wakubwa wekundu? Nitafutieni malkia. Nitanunua kila mmoja." Hataki chungu wa kawaida. Malkia tu. Anawaachia vijana mirija midogo na pamba.

Pesa anazotaja zinaonekana kubwa kwa kazi ya asubuhi moja. Hakuna mtaji, hakuna chakula cha kununua, hakuna chanjo. Kijana asiye na kazi ataona ni baraka imemwangukia. Sisi hatumlaumu kijana kwa kutaka pesa. Lakini ni haki yake ajue anauza nini, na anaingia mahali gani.

YALIYOTOKEA MWAKA WA 2025

Mwezi wa Aprili mwaka wa 2025, vijana wawili kutoka Ubelgiji, wote wa miaka 19, walikamatwa Naivasha wakiwa na chungu kama 5,000, wengi wao malkia. Walikuwa wamewapanga katika mirija zaidi ya 2,200, kila mmoja na pamba yake, ili wakae hai safari nzima. Wakati huo huo watu wengine wawili, mmoja raia wa Vietnam na mmoja Mkenya mwenzetu, walikamatwa hapa Nairobi wakiwa na chungu mia kadhaa. Tarehe 7 Mei mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwahukumu wote wanne: faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12.

Tafadhali angalieni jambo moja hapo. Mkenya alipata adhabu ile ile. Hakuna aliyesema, "Huyu ni mwananchi, yeye alitafuta tu." Milioni moja! Tuulizane, ni kikundi gani hapa chenye milioni moja katika akiba?

Chungu hao wanakwenda wapi? Huko Ulaya na Asia kuna watu wanaofuga chungu nyumbani katika visanduku vya kioo, kama vile wengine wanavyofuga samaki wa rangi. Chungu wetu huyu mwekundu, ambaye wataalamu humwita Messor cephalotes, anapendwa sana kwa ukubwa wake. Wakati wa kesi ile magazeti yaliandika kwamba malkia mmoja anaweza kufika dola 220 huko ng'ambo. Sasa linganisheni na alichopewa aliyechimba.

TUNAZUNGUMZA JUU YA MDUDU GANI?

Magazeti yetu yaliandika siafu, mengine mchwa, mengine chungu. Tusichanganyikiwe. Siafu ni wale wanaotembea kwa msafara na kuuma vibaya. Mchwa si jamaa wa chungu hata kidogo; mchwa ni ndugu wa mende, ingawa kumbikumbi wake tunamkaanga na kumla kwa furaha. Huyu tunayemsema ni chungu mvunaji. Anaokota mbegu za nyasi na kuziweka ghalani chini ya ardhi. Ndiye wa jamii ile Mithali inayotuelekeza tukajifunze kwake.

Na kwa kuwa tuko kanisani, tuongeze hili. Mithali sura ya sita inasema kwamba chungu hana kiongozi wala msimamizi. Mtu anaweza kuuliza, je, na malkia? Wataalamu waliochunguza wadudu hawa wanakubaliana na Mithali. Malkia hatoi amri. Hapangi nani aende shambani na nani abaki na watoto. Kazi yake ni kutaga mayai, basi. Jina la malkia tumempa sisi wanadamu, kwa sababu tumezoea kuwa na wakubwa. Yeye ni mama, na katika nyumba nyingi za chungu wavunaji ni mama mmoja tu.

Tufuate maisha yake hatua kwa hatua, maana ndipo kiini cha hotuba yetu kilipo.

Mvua ikianza, malkia wachanga wenye mabawa hutoka shimoni pamoja na madume. Wanaruka. Wanaoana. Dume hufa baada ya hapo. Malkia hushuka chini, na jambo la kwanza analofanya ni kuyang'oa mabawa yake mwenyewe. Hayataota tena. Mbegu ya kiume aliyoipokea wakati ule wa mvua anaihifadhi mwilini, na ndiyo atakayoitumia kutaga miaka yote ya maisha yake. Hatatoka tena kutafuta mume.

Kisha anachimba. Yuko peke yake, hana mfanyakazi hata mmoja. Akishaingia anaziba mlango, anataga mayai ya kwanza, na anawalea watoto wa kwanza kwa akiba ya mwili wake. Ile misuli ya mabawa, ambayo sasa haina kazi, huyeyuka na kuwa chakula. Akina mama mlionyonyesha wakati wa njaa mtaelewa bila kuelezwa.

MENO YENYE ZINKI

Anachimba na nini? Na taya. Na hapa tusimame kidogo, kwa sababu kuna utafiti ambao sisi ulitushangaza.

Ninyi mliopita barabara ya Ngong asubuhi mmewaona mafundi wa fanicha kando ya njia. Muulize yeyote kati yao: msumeno butu unakula nini? Unakula nguvu za fundi. Msumeno mkali, hata mtoto anakata. Chungu ana shida hiyo hiyo, tena zaidi, kwa kuwa misuli yake ni midogo mno. Atapataje jino kali lisilovunjika?

Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba meno ya chungu wengi yana madini ya zinki. Ndiyo, zinki hii hii inayopakwa mabati yasishike kutu. Wazee wa Kati mnakumbuka vile vikundi vya akina mama vya miaka ya sitini, vilivyochangishana hadi kila mmoja akapata paa la mabati. Basi kumbe chungu alikuwa na zinki kabla yetu sote. Kilichokuwa hakijajulikana ni namna zinki hiyo ilivyopangwa ndani ya jino.

Mwaka wa 2021 Robert Schofield wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, na wenzake walitoa jibu. Walichukua jino la chungu mkata majani wa huko Amerika, jino jembamba kama unywele. Wakalichonga kipande chenye ncha ndogo kuliko ya sindano yoyote tunayoijua, wakaking'oa atomu moja moja kwa nguvu za umeme, na kuandika kila atomu ilitoka mahali gani. Atomu ni chembe ndogo kabisa za kila kitu. Ili mpate picha: chukueni milimita moja kwenye rula ya mtoto wa shule, igaweni sehemu milioni moja. Sehemu moja hiyo ndiyo inaitwa nanomita, na atomu chache tu zikisimama mstari zinaijaza.

Waliona nini? Zinki haikukaa kwa vibonge kama kokoto ndani ya saruji. Imesambaa sawasawa katika jino lote, kama chumvi iliyokoroga vizuri katika mchuzi. Kwa uzito, karibu sehemu 8 kati ya 100 za jino ni zinki. Na kwa kuwa hakuna vibonge, ncha inaweza kunolewa ikawa kali kabisa bila kumeguka. Meno yetu sisi yana chembe ngumu za madini, ndiyo maana hayawezi kuwa na ncha nyembamba namna hiyo. Watafiti walikadiria kwamba kwa meno haya chungu anaweza kukata kwa asilimia 60 tu, au hata chini yake, ya nguvu ambazo angehitaji kama meno yake yangetengenezwa kama yetu.

Wataalamu wa vyuma sasa wanalitazama jino hilo ili wajifunze kutengeneza vyombo vidogo vyenye makali, kwa mfano vya hospitali. Msifikiri basi kwamba mdudu huyu ni takataka ya shambani ambayo mtu yeyote akiichukua hakuna hasara. Nchi zenye maabara kubwa zinajua thamani yake.

Jino likichakaa halirudi. Watafiti hao hao waliandika mwaka wa 2011 kwamba chungu wakata majani ambao meno yao yamekwisha huacha kukata. Wanabeba vipande vilivyokatwa na wenzao. Hafukuzwi mtu.

(Hapa mama mmoja wa kikundi cha Kajiado alisema: "Hao wametushinda." Watu walicheka.)

UBONGO WA MALKIA

Sasa turudi kwa mama yetu chini ya ardhi. Ameziba mlango. Ni giza. Hataruka tena, hatatafuta njia, hatakimbia ndege. Macho yatamsaidia nini?

Mwaka wa 2002 wataalamu wawili, Glennis Julian na Wulfila Gronenberg, walichapisha uchunguzi juu ya malkia wa aina mbili za chungu wavunaji wa jangwa la Marekani. Mmoja wao walimwita Messor pergandei. Walilinganisha ubongo wa malkia mchanga na ubongo wa malkia aliyekwisha kukaa katika nyumba yake. Wa yule aliyekaa ulikuwa mdogo zaidi. Na sehemu iliyopungua hasa ni ile inayohusika na kuona.

Kwa nini mwili ufanye hivyo? Kwa sababu ubongo ni ghali. Unakula chakula kingi kuliko ukubwa wake, kwa mdudu na kwa mtu. Mtu akihamia nyumba isiyo na stima hataendelea kulipa bili ya stima. Mwili wa malkia unaacha kugharimia kile kisichotumika, na nguvu zinakwenda kwenye mayai.

Kuna chungu mwingine wa India, chungu mrukaji, ambaye habari zake ni za ajabu zaidi. Huko, malkia akifa, wafanyakazi wanashindana kwa kupigana na vipapasio vyao, na mashindano yanaweza kuchukua siku 40. Wale wachache wanaoshinda wanaanza kutaga mayai mahali pa marehemu. Mwaka wa 2021 Clint Penick na wenzake walieleza kinachotokea mwilini mwa washindi hao: ubongo unapungua kwa karibu robo, na mifuko ya mayai inakua hadi mara tano. Mfanyakazi wa kawaida huishi miezi kama saba. Mshindi anaweza kufika miaka minne. Kisha watafiti wakawatenga baadhi ya washindi na wenzao kwa wiki kadhaa. Wakaacha kutaga, wakarudi kuwa wafanyakazi, na ubongo ukakua tena ukafika ukubwa wake wa kwanza. Kwa mdudu hilo lilikuwa halijawahi kuonekana.

Lakini huyo wa India alikuwa mfanyakazi tangu mwanzo, hakuwahi kuruka akayang'oa mabawa. Malkia wetu mvunaji ameyatoa mabawa, ameila misuli yake, amejifungia gizani. Hana njia ya kurudi nyuma na kuanza upya mahali pengine msimu ujao. Yeye ndiye mnayemtia katika mrija. Kila kitu alichokuwa nacho amekwisha kukiweka katika nyumba moja, na nyumba hiyo bado haijasimama.

Tena malkia wa chungu huishi muda mrefu kuliko mbwa, kuliko ng'ombe wengi. Huko Ulaya malkia mmoja wa chungu weusi wa bustani, aliyefugwa na kutunzwa, aliishi zaidi ya miaka 28. Malkia akiondoka, hakuna wa kutaga tena. Wafanyakazi wanazeeka, wanakufa mmoja mmoja, na baada ya muda shimo linanyamaza.

"LAKINI SI WENGI HUFA TU?"

Kijana mmoja alituuliza hivi tulipokuwa tunatayarisha mazungumzo haya, na ni swali la mtu anayefikiri. Alisema: malkia wanaoruka ni wengi sana, ndege wanawala, mijusi wanawala, wengine wanakufa kwa jua. Sisi tukichukua mia moja, tumeharibu nini?

Ni kweli, walio wengi hufa. Ndiyo sababu wanaruka wengi. Lakini mchukuaji hachukui kwa kubahatisha kama ndege. Yeye anasubiri mlangoni mwa shimo wanapotoka, au anafuata wale ambao tayari wameoana, wameshuka, na wameanza kuchimba. Anachukua wale wale waliokwisha kuponea hatari. Na hachukui mia moja. Mwaka ule walikuwa kama 5,000 kwa mzigo mmoja. Tena anarudi mahali pale pale mvua ijayo, kwa sababu anapajua.

Hasara yake ni ipi kwa mfugaji? Chungu mvunaji anapochimba anapindua udongo na kupitisha hewa na maji. Mbegu anazobeba, nyingine zinaanguka njiani na kuota mbali na mama yao. Karibu na mashimo yake udongo huwa na mbolea zaidi. Mfugaji halioni hili kwa siku moja.

Wanaotaka mfano wa karibu zaidi watazame Laikipia. Kule kuna migunga ambayo chungu wenyeji huishi katika vinundu vya miiba yake. Ndovu akija kula, chungu wanamuuma puani, anaondoka. Halafu akaingia chungu mgeni kutoka nje, mwenye kichwa kikubwa, akawamaliza wenyeji. Mwaka wa 2024 Douglas Kamaru na wenzake walionyesha yaliyofuata katika hifadhi ya Ol Pejeta. Ndovu walivunja miti, uwanda ukawa wazi, simba wakakosa pa kujificha, wakashindwa kuwakamata punda milia kama zamani. Mwaka wa 2003 punda milia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba. Kufika mwaka wa 2020 walikuwa asilimia 42, na simba wamegeukia nyati. Yote hayo kwa sababu ya chungu mmoja kuletwa asipotakiwa. Na sisi tukiwapeleka wetu Ulaya, nani anajua watafanya nini kwa jirani wa huko siku kisanduku kitakapovunjika?

SHERIA INASEMAJE

Tutapita hapa haraka, maana afisa wa wanyamapori atakuja mchana. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 haihesabu ndovu na faru peke yao. Kwa maneno ya sheria hiyo, mnyama yeyote wa porini wa asili ya hapa, mmea, hata kijidudu kisichoonekana kwa macho, ni wanyamapori. Kufanya biashara nao bila kibali cha KWS ni kosa. Kuwachukua kwa utafiti wa kutengeneza bidhaa pia kunahitaji kibali. Kusema "sikujua mdudu ni mnyama" hakutakutoa mahakamani.

Watu wengine husema, serikali inalinda wadudu badala ya watu. Sisi hatukubali. Kumbukeni Ziwa Bogoria. Katika miaka ya tisini vijidudu vilitolewa katika chemchemi zile za moto, na huko ng'ambo vikatoa kitu cha kulainisha na kufubaza nguo za jinzi. Zile zile mnazonunua Toi zikiwa zimekwisha kuvaliwa! Wenyeji hawakupata senti. Mzozo ukawa mkubwa. Lakini kampuni moja, Novozymes, mwaka wa 2007 ilifanya mkataba na KWS, na mwaka wa 2014 jamii ya Waendorois ilipokea malipo kutokana na mkataba wa namna hiyo. Hayakuwa mamilioni mengi. Lakini yalikuja mchana, kwa hati, kwa jamii nzima. Bila sheria ile mtu huchukua kijidudu, au jino lenye zinki, au ubongo unaopungua, akaenda kupata faida kwao, na wewe umebaki na noti mbili za mia tano.

Na tusiseme kwamba wadudu ni elimu ya wageni. Profesa Thomas Odhiambo, mwana wa nchi hii, alianzisha icipe hapa Nairobi mwaka wa 1970, kituo cha utafiti wa wadudu ambacho leo kiko Kasarani na kinajulikana dunia nzima. Mtoto wenu anayependa kukaa chini akitazama chungu msimpige kofi mkimwambia anapoteza wakati.

MASWALI

Swali: Hiyo zinki chungu anaitoa wapi? Je, anakula mabati yetu?

Jibu: Hapana, mabati yenu ni salama. Anaipata katika chakula chake. Mbegu zina zinki kidogo, kama vile mahindi na maharagwe. Na kwa kuwa mmeuliza, tuwakumbushe akina mama: zinki ndiyo ile tembe mnayopewa zahanati mtoto akiharisha. Mwaka wa 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri apewe pamoja na yale maji ya chumvi na sukari ya pakiti: miligramu 20 kwa siku, na kwa mtoto aliye chini ya miezi sita miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14. Msiache kwa sababu kuhara kumekoma siku ya tatu. Malizeni.

Swali: Mnunuzi ameshaacha mirija kwa vijana wetu na pesa kidogo ya kutangulia. Tufanye nini?

Jibu: Msichimbe. Msifiche mirija pia. Mwenyekiti na katibu waende pamoja kwa chifu au kwa ofisi ya KWS iliyo karibu, waseme ilivyo, na iandikwe katika kumbukumbu za kikundi kwamba mlikwenda, tarehe gani, na mliongea na nani. Kijana asiende peke yake. Kama mmekwisha kupata malkia na bado wako hai, waambieni hao maofisa. Wao ndio wataamua warudishwe wapi.

Swali: Kwa nini tusiwafuge wenyewe, tupate kibali, tuuze kihalali?

Jibu: Shida ni ile safari ya angani. Wanaoana wakiruka, baada ya mvua, na ni vigumu sana kuwafanya waoane ndani ya sanduku. Kwa hiyo karibu kila malkia wa aina hii anayeuzwa ametolewa porini. Si kama kuku.

Lakini biashara halali ya wadudu ipo, na si mbali. Gede, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, kuna mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka wa 1993. Wakulima wanaoishi kando ya msitu wanafuga vipepeo. Wanapanda miti ambayo viwavi hula, wanawalisha mpaka wajifunge, na vile vifuko ndivyo vinavyouzwa kwa maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Vipepeo wazazi wanabaki na kutaga tena. Mkulima ambaye zamani aliuona msitu kama adui wa shamba lake sasa anauhitaji usimame, kwa kuwa mbegu ya mradi inatoka humo.

Kikundi cha Gilgil kimeuliza kama wanaweza kupeleka watu wawili huko wakajionee. Tumekubali kuandika barua. Vikundi vingine vinavyotaka kuungana nao viandike majina kwa katibu kabla ya chakula, na kila kikundi kiseme kinaweza kuchangia nauli kiasi gani.